Triumph Bonneville T120 na Yamaha XS650: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wapenda Pikipiki za Zamani wa Tabora

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya mtu wa Tabora, au wa wilaya jirani hadi Kigoma, ambaye ameikuta mojawapo ya pikipiki hizi ghalani kwa jamaa yake, au anakusudia kuagiza moja kutoka nje, na anataka kuelewa anachokipata kabla ya kutoa fedha. Zote mbili ni pikipiki za barabarani za kawaida, za silinda mbili zilizosimama ubavu kwa ubavu, zenye ukubwa wa takriban sisi (cc) 650.

Kwa nini hizi mbili ndizo hulinganishwa siku zote?

Kwa sababu Yamaha ilitengenezwa kwa macho yaliyoielekea Triumph. Mwaka 1937 mhandisi Edward Turner wa kiwanda cha Triumph, Uingereza, alitoa Speed Twin ya sisi 498, na mpangilio wa injini ile ukawa kielelezo ambacho viwanda vingine vya Uingereza vilikifuata kwa miaka mingi. Baada ya vita ilikuzwa kufikia sisi 649, na kwa msimu wa 1959 ikawekewa kabureta mbili na kupewa jina la Bonneville, lililotokana na uwanda wa chumvi wa Utah, Marekani, ambako injini ya Triumph ilikuwa imekimbizwa kwa mwendo wa rekodi mwaka 1956. Hiyo ndiyo T120.

Yamaha kwa wakati huo ilijulikana kwa injini za tu-stroki, za aina ile ile ambayo wengi wetu tuliifahamu baadaye kupitia DT za mabwana shamba. Mwishoni mwa 1969 kampuni hiyo ilileta XS-1, pikipiki yake ya kwanza kubwa ya foo-stroki, ya sisi 653. Huo ndio mwanzo wa XS650. Ukiitazama kwa mbali unaona sura ya Kiingereza: tangi jembamba, injini iliyosimama wima, eksozi mbili zinazoshuka pande zote. Ukiifungua ndipo unapoona kwamba wahandisi wake walikubaliana na Waingereza kuhusu umbo na wakatofautiana nao karibu katika kila jambo lililo ndani.

Tofauti hizo za ndani ni zipi hasa?

Tuanze na yanayofanana. Katika injini zote mbili pistoni hupanda na kushuka pamoja, na silinda huwaka kwa zamu, moja katika kila mzunguko wa krenki, yaani shafti kuu inayozungushwa na pistoni. Ndiyo maana mlio wake unakaribiana sana, na ndiyo maana zote mbili hutetemeka.

Kuanzia hapo njia zinaachana. Triumph husukuma valvu zake kwa fito ndefu zinazopita katika mirija iliyosimama mbele na nyuma ya silinda, zikiendeshwa na kamshafti mbili (shafti zinazofungua valvu) zilizo chini. Yamaha ina kamshafti moja tu, nayo iko juu kabisa kwenye hedi, ikizungushwa na cheni inayopita katikati ya silinda. Triumph ina kipenyo cha milimita 71 na mwendo wa pistoni wa milimita 82, kwa hiyo huvuta kwa utulivu tangu chini. Yamaha ina 75 kwa 74, hivyo hupenda kuzungushwa zaidi. Krenki ya Triumph imeshikwa na beringi mbili, moja kila upande, na konrodi zake (mikono inayounganisha pistoni na krenki) zinakaa juu ya besi bapa, zisizo na rola, zinazotegemea oili yenye shinikizo. Krenki ya Yamaha imeshikwa na beringi nne, na hata konrodi zake zinazungukia beringi za rola, ambazo huvumilia oili kidogo kwa muda bila kuharibika papo hapo. Kasha la injini ya Triumph limepasuliwa wima, kushoto na kulia. La Yamaha limepasuliwa kwa ulalo, nusu ya juu na nusu ya chini. Mwisho, Triumph huweka oili ya injini katika tangi la pembeni na kuizungusha kwa pampu, ilhali Yamaha huiweka chini ya injini yenyewe, na oili hiyo hiyo hulainisha giaboksi na klachi.

Nimeyaeleza haya kwa urefu kwa kuwa karibu kila swali linalofuata linajibiwa na aya hii. Mtu anayeshindanisha kasi ya pikipiki hizi anagusa jambo dogo. Kubwa ni namna kila moja inavyozeeka, na mazingira yetu ya joto, vumbi na umbali wa spea ndiyo yanayoamua ipi itazeeka vizuri.

Ni kweli kwamba Triumph zote huvuja oili?

Huvuja zaidi, lakini si laana. Pistoni mbili zinaposhuka pamoja hubana hewa iliyo ndani ya kasha la injini, na hewa hiyo hutafuta pa kutokea. Ikiwa njia yake ya kupumulia imeziba, itatokea kwenye kila kiungo ikiwa imechukua oili. Triumph ina viungo vingi vya namna hiyo: ile mirija ya fito, vifuniko vya roka, na kasha lenyewe. Fundi anayesafisha nyuso za viungo vizuri, akaweka gasketi na raba mpya za mirija, na akahakikisha njia ya kupumulia iko wazi, atapata injini kavu kwa muda mrefu. Anayepaka silikoni kwa wingi kila mahali ataziba njia za oili na kuua injini. Ninasisitiza hili kwa sababu nimeona silikoni ikitumiwa kama dawa ya kila ugonjwa, na mabaki yake yakikutwa kwenye wavu wa oili.

Vumbi la kiangazi litaziathiri vipi?

Barabara kuu za kwenda Nzega, Urambo na Sikonge zina lami, lakini maisha ya pikipiki Tabora hayaishii kwenye lami. Ukiacha barabara kuu kuingia vijijini kati ya Juni na Oktoba, hasa nyuma ya malori ya tumbaku, unapita ndani ya unga mwekundu ambao hupenya popote.

Hapa Triumph ina udhaifu ambao mnunuzi lazima aujue. Haina chujio la maana la oili; ina wavu tu unaozuia vipande vikubwa. Takataka ndogo hukamatwa ndani ya krenki yenyewe, ambamo kuna bomba linalokusanya tope kwa nguvu ya mzunguko. Bomba hilo likijaa, njia ya oili kwenda kwenye besi za konrodi hufungwa, na kulisafisha ni lazima injini ifumuliwe yote. Muuzaji akikuambia kwamba injini imefanyiwa ukarabati mkubwa, swali la kwanza la kumwuliza ni kama tope la krenki lilisafishwa. Akishangaa swali lenyewe, umeshapata jibu. Pampu nayo ina vigololi vidogo vinavyofunga na kufungua njia ya oili. Chembe moja ya mchanga chini ya kigololi inatosha kuizuia oili isifike inakohitajika, na injini isitoe dalili yoyote hadi ianze kugonga.

Yamaha nayo haina chujio la karatasi, jambo linalowashangaza wengi. Ina wavu chini ya injini na mwingine pembeni, na ule wa chini una tabia ya kuchanika unapozeeka, kwa hiyo ukaguliwe kila unapomwaga oili. Hata hivyo, beringi zake za rola husamehe zaidi kuliko besi bapa.

Kwa zote mbili dawa ni ileile, nayo ni rahisi kuliko ukarabati wowote: oili ibadilishwe mapema, kila kilomita 1,500 au 2,000, na chujio la hewa lisiondolewe hata siku moja. Picha nyingi za pikipiki hizi zilizopambwa upya zinaonyesha kabureta zikiwa wazi, au zimefunikwa kwa wavu mwembamba wa chuma. Mapambo hayo ni ya miji yenye lami kila uchochoro. Huku kwetu yatazila ringi na silinda kabla msimu haujaisha. Kabureta za Amal za Triumph huathirika zaidi, kwa kuwa kipande chake kinachopanda na kushuka husuguana moja kwa moja na mwili wa kabureta, na vumbi likiingia hapo pikipiki haitulii tena ikiwa saileni.

Tabora iko juu ya usawa wa bahari. Je, kabureta zirekebishwe?

Mji uko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,200, ambapo hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 11 kuliko ya pwani. Injini itapoteza nguvu kwa kiasi hicho hicho, na Triumph yenye jeti za kiwandani itakuwa inapata petroli nyingi kidogo. Ukiona plagi nyeusi zenye masizi, shusha sindano ya kabureta ngazi moja. Kabureta za Mikuni za Yamaha, ambazo hutegemea mvuto wa hewa kuinua pistoni yake, hujirekebisha zenyewe kwa sehemu. Anayeteremka hadi Kigoma, ambako ziwa liko chini ya mita 800, akumbuke kurudisha sindano mahali pake, kwani injini inayopata petroli pungufu hupata joto kali.

Nimezoea Boksa. Nitapata shida gani kwenye Triumph?

Shida ya miguu, na ni ya hatari. Hadi katikati ya miaka ya 1970 Triumph iliweka gia kwenye mguu wa kulia na breki ya nyuma kwenye mguu wa kushoto, kinyume kabisa cha pikipiki zote unazozifahamu. Kwa mwendo wa utulivu utazoea baada ya muda mfupi. Tatizo huja siku mbuzi anapokatiza barabara: mguu wa kulia utakanyaga kwa mazoea ya miaka mingi, na badala ya breki utagusa gia. Fanya mazoezi uwanjani, kwenye eneo wazi lisilo na watu, mpaka mguu wa kushoto ukanyage breki wenyewe bila wewe kufikiri. Na kama unabadilishana pikipiki mbili kila siku, Boksa kwa kazi na Triumph kwa Jumapili, nakushauri kwa dhati usinunue Triumph ya gia za kulia. Yamaha ina gia kushoto tangu mwanzo.

Je, fundi wa mtaani anaweza kuzitengeneza?

Yamaha, ndiyo, kwa sehemu kubwa. Bolti zake ni za milimita, na spana namba 10, 12, 14 na 17 zilizo katika kila karakana zitafungua karibu kila kitu. Kazi inayohitaji mtu mzoefu ni kukaza cheni ya kamshafti na kulinganisha kabureta mbili ili zivute sawa.

Triumph ya zamani inatumia bolti za vipimo vya Kiingereza, na kadiri ni ya zamani ndivyo utakavyokutana na za Whitworth, ambazo hazikai vizuri kwenye spana za milimita wala za inchi za kawaida. Fundi asiye nazo atalazimisha spana inayokaribia, kichwa cha bolti kitaviringika, kisha atachukua patasi na nyundo. Nunua seti yako ya spana kabla ya kununua spea yoyote, na umpelekee fundi pamoja na pikipiki. Upande wa pili wa jambo hili ni kwamba Triumph imejengwa kwa njia ambayo mtu mvumilivu anaweza kuifumua mezani na kuielewa yote, na Tabora, mji wa reli, haujakosa watu wanaojua kukereza chuma. Bushi, ekseli na hata kupanua silinda ili ipokee pistoni kubwa zaidi ni kazi zinazofanyika bila kuagiza kitu kutoka Uingereza, ilimradi unazo pistoni zenyewe.

Kuhusu umeme?

Katika Triumph nyingi za kipindi hiki waya chanya wa betri ndio unaofungwa kwenye fremu. Fundi aliyezoea pikipiki za leo atafunga hasi bila kuuliza, na ataunguza diodi zinazogeuza umeme wa kuchaji. Bandika karatasi kwenye kasha la betri inayosema hivyo kwa herufi kubwa. Yamaha hufunga hasi kama kawaida. Udhaifu wake ni burashi za jenereta, ambazo huisha na kuifanya betri isichajiwe, nazo ni za bei ndogo na hubadilishwa kwa dakika chache. Pointi zilitumika hadi 1979, na kuanzia 1980 ikaja na moto wa elektroniki.

Stata ya umeme iliwekwa kwenye Yamaha mwaka 1972. T120 ya zamani haikuwahi kuwa nayo. Ni kiki tu.

Ipi ina kasi zaidi?

Yamaha XS-1 ilitangazwa kuwa na nguvu farasi 53, na Bonneville ya 1959 ilitangazwa kuwa na 46, lakini Triumph ni nyepesi kwa takriban kilo 20 na fremu yake hushika kona vizuri zaidi kuliko Yamaha za miaka ya kwanza. Mwaka 1969 Malcolm Uphill aliizungusha Bonneville mzunguko mmoja katika mashindano ya pikipiki za dukani ya kisiwa cha Isle of Man kwa wastani wa zaidi ya maili 100 kwa saa, jambo ambalo halikuwa limefanywa na pikipiki ya aina hiyo. Kwa upande wa Yamaha, Kenny Roberts alitwaa ubingwa wa Marekani mwaka 1973 na 1974 akitumia injini iliyotokana na XS650 katika mbio za viwanja vya udongo. Barabarani kwetu, ambako ng'ombe hulala juu ya lami yenye joto jioni, hakuna atakayeimaliza kasi ya hata moja, na nguvu ya breki ina maana zaidi. Hapo Yamaha ya kuanzia 1972, yenye diski mbele, inaongoza.

Mtetemo unavumilika?

Hadi kilomita 80 kwa saa, ndiyo. Kuipita hapo, mikono hufa ganzi, na bolti za tangi, taa na madigadi hulegea. Kagua kila bolti baada ya safari ndefu.

Matumizi ya petroli yakoje?

Tarajia kilomita 17 hadi 21 kwa lita, ukizipanda taratibu. Mtu aliyezoea pikipiki ya sisi 125 ataona ni kubwa.

Naweza kuitumia kwa bodaboda?

Hapana, wala ya kwanza wala ya pili. Ni nzito, zinakula petroli, na kila spea inatoka mbali.

Nitafute ya mwaka gani?

Kwa Triumph, wengi huziheshimu zaidi za 1968 hadi 1970, nami nakubaliana nao: injini na giaboksi zimekuwa kasha moja tangu 1963, umeme ni wa volti 12, na breki ya mbele iliboreshwa mwaka 1968. Kuanzia 1971 oili ilihamishiwa ndani ya fremu na kiti kikawa juu mno kwa mtu wa kimo cha wastani. Zenye sisi 744 huitwa T140 na ni za baadaye. Usichanganye zote hizi na Bonneville mpya za kampuni ya Triumph ya Hinckley, zilizoanza kutengenezwa mwanzoni mwa miaka ya 2000. Hizo hazishirikiani spea na za Meriden, kiwanda cha zamani cha Triumph.

Kwa Yamaha, tafuta ya 1974 au baada yake, ambapo fremu iliimarishwa. Za mwanzo ni nzuri machoni na zina thamani kwa wakusanyaji, lakini huyumba kwenye kona. Kwa Yamaha zote, badilisha bushi za plastiki za uma wa nyuma uweke za shaba.

Marehemu babu aliacha moja ghalani. Nianze wapi?

Usiipige kiki. Chomoa plagi, mimina oili kidogo katika kila silinda, iache kwa siku kadhaa, kisha zungusha gurudumu la nyuma kwa mkono ikiwa kwenye gia ya juu. Ikizunguka bila kukwaruza, mwaga oili yote ya zamani, fungua wavu uangalie kama kuna chembe za chuma, osha tangi la petroli, na fungua kabureta. Matairi ya zamani usiyapande hata kama yana kashata nzuri. Raba hufa kwa umri. Tairi la nyuma kwa kawaida ni la inchi 18, ambalo linapatikana kwa kuwa pikipiki za porini hulitumia. La mbele ni la 19, nalo utaliagiza.

Kabla ya kutumia hata shilingi moja, linganisha nambari ya injini na ya chesi na zilizo kwenye kadi. Kwa Triumph ya T120 zilifanana zilipotoka kiwandani. Zikitofautiana, injini ilibadilishwa, na utahitaji maelezo yake. Ikiwa kadi bado ina jina la marehemu, ndugu waende kwanza Mahakama ya Mwanzo ili msimamizi wa mirathi ateuliwe, kisha ndipo umiliki uhamishwe TRA. Leseni yako iwe na daraja A. A1 haitoshi kwa injini ya ukubwa huu.

Wewe ungechagua ipi?

Kwa mtu anayetaka kuipanda kila wiki, kwenda Urambo na kurudi bila kuomba msaada, ningemwambia achukue Yamaha bila kusita. Beringi zake, bolti zake na gia zake zinaendana na barabara zetu na mafundi wetu. Triumph ningemshauri mtu mwenye subira, anayefurahia kazi ya mikono kuliko safari yenyewe, na ambaye yuko tayari kuweka akiba ya gasketi, raba na sehemu za pampu nyumbani, kwa sababu kifurushi kitakachofika Dar es Salaam bado kina zaidi ya kilomita 800 za reli mbele yake. Naipenda zaidi Triumph kwa mvuto wake wa chini na wepesi wake. Ninachokipenda na ninachomshauri mwenzangu si lazima viwe kitu kimoja.

Triumph yangu ilikaa wiki kadhaa wakati wa masika, na ilipowaka ilitoa moshi mzito na kumwaga oili. Imekufa?

Haijafa. Ikisimama muda mrefu, oili hupenya polepole kwenye vigololi vya pampu, hushuka kutoka kwenye tangi, na kujaa chini ya krenki. Ukiiwasha hivyo, krenki huichapa oili na kuirusha kwenye silinda na kwenye kila upenyo. Siku nyingine fungua kwanza bolti ya kumwagia iliyo chini ya injini, kinga oili hiyo kwenye chombo safi, irudishe kwenye tangi ikiwa haina uchafu, kisha ndipo uwashe. Mara inapowaka, fungua kifuniko cha tangi uangalie kama oili inarudi kwa mapigo yanayoonekana. Isiporudi, zima mara moja na ufungue pampu. Tatizo likijirudia kila baada ya siku chache, vigololi havikai vizuri na pampu inahitaji kusafishwa. Usiweke koki ya kufunga oili kwenye bomba la kutoka tangini, ingawa wengi watakushauri hivyo, kwa maana siku utakayosahau kuifungua ndiyo siku besi za konrodi zitakapoungua.